Jiwe Lisilopenda Dirisha

Alikuja Jumatano kutoka Kiborloni,
mama Ndeonasia, na jiwe ndani ya kikopo cha vidonge vya presha.
"Limekufa," akasema, akalimwaga kiganjani mwangu
kana kwamba mimi ni mochwari.

Hapa Arusha, nyuma ya maduka ya nguo,
madalali wananijua: Namnyaki wa gurudumu,
akataye mawe umeme ukiwapo
na kuyafikiria umeme ukikatika.
Wao jiwe hulinyanyua juani.
Kwao jua ni shahidi, ni mizani, ni kiapo.
Wakachungulia, wakacheka. "Hii chupa, mama."
Sikuwajibu. Chupa haiwi baridi hivyo,
wala haina uzito huo.

"Kunzaiti," nikamwambia. "Ilikuwa na rangi gani?"
Akatafuta. Hakusema waridi, hakusema zambarau.
"Unakijua kitunguu cha Mang'ola?
Ukishalimenya ganda la nje, lile la pili,
ukaliinua kwenye taa?
Hiyo."

Aminieli alimnunulia mwaka aliostaafu kiwanda cha sukari.
Alipozikwa, akalitoa kidoleni, akaliweka dirishani
upande wa mlima, mahali pa heshima,
alione kila asubuhi, na wapitao walione.
Miaka tisa.
Kila siku jua lilikuja,
likanywa funda moja, likaondoka.
Nani huhesabu mafunda?

Sikumwambia kosa ni la nani.
Nililigeuza. Usoni, maji matupu.
Ubavuni, maji.
Nikalisimamisha wima, nikalichungulia kwa ncha,
na kule ndani, mbali,
kama mtoto aliyejificha nyumba ikiibwa,
rangi ilikuwa imekaa kimya.

"Tazama."
Akaweka jicho. Akakaa hapo
mpaka chai yangu ikapoa.

Nikamweleza: aliyelikata kwanza alitaka ukubwa,
akalilaza. Mimi nikilisimamisha,
uso ukatazama huku, rangi itapanda.
Ila litapungua nusu.
Na jiwe hili lina njia mbili za kupasukia,
nyoofu kama za ukuni wa mgrivea;
gurudumu likilikera, likipata moto wa ghafla,
linaachana, na sitakuwa na la kukurudishia
ila pole.

Akauliza bei. Kisha akauliza
kama atapewa vumbi lake.
"Vumbi huenda na maji."
Akaitazama ndoo yangu muda mrefu.
"Basi kata."

Nilikata alfajiri nne, kwa maji mengi na mkono mwepesi,
kabla fundi wa mageti hajaanza kuutikisa ukuta.
Siku ya tatu nilisikia *tik*,
moyo ukanidondoka miguuni.
Ilikuwa kucha yangu.

Alipolifuata nikamwandikia nyuma ya risiti:

Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha miwani.
Usilifute kavu: vumbi la barabara lina mchanga
mgumu kuliko lenyewe.
Sonara mwenye mashine ya kutetemesha, mkatalie. Mvuke pia.
Usifulie nalo, usisonge nalo ugali.
Manukato kwanza, pete mwisho.
Lisilale kitanda kimoja na mkufu.
Mchana likae gizani; kikopo kilekile kinafaa,
ukikiwekea pamba.
Livae jioni. Kwenye sherehe, kwenye mkesha,
au jikoni tu, chini ya taa, bila mgeni.

Akasoma mara mbili, midomo ikitembea.
"Kwa hiyo dirishani..."
"Dirishani weka ua."

Ilikuwa saa saba, jua la utosi,
madalali wamejipanga ukutani na karatasi zao.
Mmoja akaita, "Mama, hebu tuone!"
Hakugeuka. Alifumba kiganja,
akavuka barabara ngumi ikiwa kifuani,
upesi, ameinama kidogo,
kama anayepeleka nyumbani kaa la moto
aliloomba kwa jirani.